Shuka Hizi Hazifuliwi Mantova

Uliliona lango lile. Usiniambie hukuliona. Ulipanda boti pale Como, ukashuka Lunaggio kula chakula cha mchana, ukapita kando ya ukuta wa hoteli kubwa na aiskrimu yako mkononi. Mbele yako lilikuwapo lango la chuma limefungwa kwa mnyororo, na nyuma yake ngazi za mawe zinazoshuka ziwani, zimeota majani. Ulijua vizuri kwamba hakuna mtu anayechonga ngazi ili ziishie kwenye mnyororo. Ukageuza uso, ukatazama milima. Milima ni mizuri, nani anabisha? Kwa miaka ishirini kasoro siku chache watu waligeuza uso hivyo hivyo, wa Lunaggio wenyewe wakiwa wa kwanza. Ndiyo maana ikabidi Ersilia Gilardoni, mwanamke wa miaka sitini na nane ambaye hajawahi kulala kwenye shuka yenye mkunjo hata mmoja, aende Bergamo kula ugali kitandani.

Mambo yalikuwa hivi. Ndani ya kopo la biskuti aliloachiwa na bibi yake mzaa mama, Ersilia alikuwa na hati ya mwaka 1868. Hati ilisema wanawake wa kichochoro cha juu wana haki ya kupita pale, daima, kwenda kwenye jiwe la kufulia lililo ukingoni mwa ziwa, wakiwa wamebeba nguo chafu za nyumba zao. Walipita vita viwili vikuu, walipita wakati wa njaa, walipita na mimba na vikohozi na masengenyo. Halafu asubuhi moja ya tarehe kumi na mbili Mei hoteli ikafunga lango. Ni matengenezo ya msimu huu tu, walisema. Msimu ukazaa msimu. Na sheria ya Italia ina jino lake: haki ya kupita isipotumika miaka ishirini, inakufa. Hakuna anayeiua. Inajifia yenyewe kitandani, watu wakitazama milima.

Mjane Palmira alijaribu mara moja. Alikwenda na kikapu cha shuka zilizopigwa pasi, maskini, kwa sababu aliona aibu kubeba uchafu mbele ya wageni. Meneja akamchungulia kupitia vyuma, akainua ncha ya shuka kwa vidole viwili. "Mama, hizi ni safi. Hati yenu inasema chafu. Huu ni mchezo wa kuigiza." Palmira akarudi nyumbani, na kijiji kizima kikasema: unaona sasa?

Ersilia alikuwa amefanya kazi katika hoteli hiyo hiyo miaka thelathini na minane. Alitandika vitanda, akasugua mabeseni, akaokota nywele za matajiri. Mumewe Tullio alikuwa mtunza bustani pale pale. Walioana mwezi Agosti, hoteli imejaa pomoni, kwa hiyo fungate yao ilikuwa nusu siku. Mchana waligonga glasi na jamaa, jioni bibi harusi alikuwa ghorofa ya tatu anabadilisha mito.

Kwa hiyo Tullio aliponunua tiketi za safari mwezi Januari, miaka arobaini na mitano baada ya ile nusu siku, alidhani amefanya jambo la maana. Bergamo, ziwa Garda, Verona, Mantova. Siku kumi, polepole, bila kumtumikia mtu. Akaziweka tiketi chini ya kikombe cha mkewe cha kahawa.

Ersilia akazitazama, akatazama kalenda.

"Hatuendi."

"Tiketi nimelipa, mke wangu."

"Tarehe kumi na mbili Mei lango linatimiza miaka ishirini. Lango lako, Tullio."

Lango lako. Hapo mzee akainamia kikombe, kwa sababu ni kweli aliyelifunga ni yeye. Aliamriwa, akachukua bisibisi, akafunga. Ersilia hakumsemesha siku arobaini. Tangu hapo waliongea, walicheka, walizika wazazi, walioza binti, lakini lile neno lilikuwa mezani kila siku kama kichupa cha chumvi.

"Nitapita kabla ya tarehe hiyo," Ersilia akasema. "Nitapita na nguo chafu. Chafu kweli. Palmira walimcheka, mimi hawatanicheka."

"Zipi? Nyumba hii ina nguo chafu?"

Ersilia akaenda kufungua kikapu cha nguo. Kilikuwa kitupu. Alikuwa mtu wa namna hiyo: soksi ikivuliwa saa mbili, saa tatu iko kwenye kamba. Akasimama ameshika kifuniko, amekasirika kuliko alivyokasirika wakati wa mgomo wa mwaka sabini na saba, walipokaa nje ya hoteli siku kumi na tisa.

Tullio akakuna kidevu. "Basi si twende tukazichafue?"

"Nini?"

"Zile shuka nne za kitani. Alizokudarizia mama yako."

"Zile ni za siku kuu!"

"Miaka arobaini na mitano, Ersilia. Siku kuu ipi unaingoja? Mazishi yangu?"

Wakaondoka tarehe mbili Mei, kwa maana tarehe moja Ersilia lazima aandamane na wafanyakazi, hata mvua inyeshe mawe. Wangerudi Jumamosi tarehe kumi na moja. Ingebaki siku moja tu ya akiba, nayo ni Jumapili, na Ersilia hafui Jumapili hata mbingu zianguke. Katika sanduku mlikuwa na nguo chache na shuka nne nyeupe pe, zimedariziwa herufi za jina lake kwa uzi mwekundu.

Bergamo ya juu, usiku wa kwanza. Ersilia alivua shuka za nyumba ya wageni, akazikunja pembe kwa pembe asimwongezee mtu kazi, akatandika zake. Zilinyooka kama barafu ya ziwa dogo. Tullio akaingia na sahani mbili za polenta, ule ugali wao wa njano, imemwagiwa jibini na siagi inayochuruzika. Akapanda kitandani na viatu.

"Viatu, Tullio!"

"Si tunachafua?"

"Kuna uchafu na kuna ushenzi!"

Akavua. Ersilia akakaa pembeni ya kitanda kama shahidi mahakamani, ametandaza taulo chini ya sahani yake.

"Hiyo taulo ya nini?"

"Isimwagike."

"We mwanamke, si ndiyo tunataka imwagike?"

Tullio akaivuta ile taulo, Ersilia akaishika, sahani ikainama, na donge la njano likatua katikati ya kitani cha mama yake, pap. Ersilia akashika mdomo. Alingoja ardhi ipasuke. Kengele kubwa ya mji ikaanza kupiga ile milio yake mia ya saa nne usiku, na katikati ya milio hiyo akahisi kitu kinapanda kutoka tumboni. Akadhani ni kilio, kumbe ni kicheko. Akachukua kijiko, akachota siagi, akamlenga mumewe. Alimkosa. Shuka haikukosa. Walicheka mpaka ubao wa kitanda ukatoa sauti, na mgeni wa chumba cha pili akagonga ukuta, na Tullio akamjibu kwa kugonga pia.

Baada ya hapo hawakushikika. Siku tatu za Garda walikodi mtumbwi, Tullio akipiga makasia, Ersilia ameketi nyuma kama malkia, mguu mmoja majini. Walikwenda kuona bustani za malimau, Tullio akamsahihisha mtunza bustani wa watu jinsi ya kukata matawi. Walitembea peku kwenye mashamba ya mizeituni baada ya mvua, wakaingia kulala na matope yao. Walikula kitandani vidagaa vya ziwani vilivyokaangwa, mafuta ya zeituni yakichirizika hadi kiwiko.

"Geuka upande huu," Ersilia akasema, kama anayekagua kazi. "Kona ile bado safi."

"Nimeshiba, mama."

"Hujashiba. Lala na hicho kidagaa mkononi."

Verona walinunua divai nyekundu nzito, ya kule vilimani. Palipo na ukuta ambao vijana hubandika karatasi za mapenzi, Ersilia alibandika ya kwao: Tumemwaga chupa nzima. E. na T. Lilikuwa jambo la kweli. Doa lilikuwa kubwa kama tandiko la punda, na Tullio aliapa kwamba linafanana na meneja wa hoteli kwa ubavu. Asubuhi walikaa juu ya ngazi za ule uwanja wa kale wa mawe wakila mkate, hawana haraka, hakuna kengele ya ghorofa ya tatu inayowaita. Ersilia akaegemeza kichwa begani kwa mumewe.

"Tullio."

"Naam."

"Kwa nini ulilifunga?"

Tullio akamega mkate. "Tulikuwa na mkopo wa nyumba. Binti alikuwa shule."

"Hilo nalijua. Nauliza kwa nini hukulifungua."

"Nitakuambia tukifika," akasema, na masikio yakamwiva. Ersilia akajua kwamba kuna kitu, lakini alikuwa na furaha na jua lilikuwa usoni, akaliacha lipite.

Mantova ndiko safari ilikotaka kuharibika. Wanayo keki yao kavu ambayo haikatwi kwa kisu, inavunjwa kwa ngumi, na hao wawili waliivunjia kitandani, usiku mbili mfululizo. Jumamosi asubuhi walishuka kunywa kahawa. Treni saa nne. Walipopanda kurudi chumbani, kitanda kilikuwa cheupe, kimetandikwa vizuri, na shuka za Ersilia hazipo. Zote nne.

Miguu ya Ersilia ilijua njia. Anayejua hoteli kwa upande wa nyuma haulizi: ngazi za watumishi, chini, kushoto, fuata joto. Akaingia chumba cha dobi akiwa na ndara, kitambaa cha kufutia mdomo bado kimening'inia shingoni. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, jina lake Nives limeandikwa kifuani, alikuwa anasukuma kitani cha mama yake ndani ya tumbo la mashine.

"Simama!"

Nives akaruka. "Mama, umenitisha! Nimekuonea huruma tu. Nimeona shuka nzuri kama hizi zilivyo... Nikasema hawa wazee labda wanaumwa. Dakika arobaini tu, zitakuwa mpya. Hulipi kitu."

"Usinionee huruma! Rudisha uchafu wangu!"

"Mama, hapa kuna divai. Kuna, hii ni nini, samaki?"

"Kidagaa cha Garda. Nirudishie."

Mashine ilikuwa tayari imefungwa mlango na taa inawaka. Ersilia hakungoja. Aliinama nyuma, akachomoa waya ukutani kwa mkono uliokwisha chomoa waya elfu moja, na chumba kizima kikanyamaza. Maji yalikuwa yameanza kuingia, lakini sabuni bado. Walikaa sakafuni wote wawili wakingoja mlango ulegee, na katika dakika hizo Ersilia akamweleza kila kitu: jiwe, hati, Palmira, miaka ishirini. Nives alisikiliza. Yeye alikuwa na vyumba kumi na saba vya kumaliza kabla ya saa nane, na alikaa pale sakafuni.

Mlango ulipolegea akazitoa shuka, akazikagua kwa jicho la fundi. "Divai imeshika. Mafuta yameshika. Ila ugali umelainika." Akafikiri. Akaenda kwenye rafu, akarudi na kikombe chake cha kahawa, akaimwaga yote katikati. "Hiyo ni ya kwangu. Kapite nayo."

Treni ya saa nne iliwapita. Wakapanda ya saa sita, wakabadilisha Milano wakikimbia, Tullio amebeba sanduku kichwani, Ersilia nyuma yake akipiga kelele, "Pisheni! Uchafu unapita!" Watu walipisha. Saa tisa na nusu walikuwa kwenye gati la Como. Boti zimefungwa, zinacheza tu juu ya maji, na mbele yake wanaume sita wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya bendera nyekundu.

"Mgomo," Tullio akasema.

Ersilia alifungua mdomo kutukana. Akaufunga. Mwanamke aliyekaa nje ya hoteli siku kumi na tisa atamtukana nani? Akasimama pale mbele yao.

"Mnagomea nini?"

"Zamu za masaa kumi na mbili, mama," akasema mmoja, Gaspare, mwenye masharubu. "Samahani kwa usumbufu."

"Msiniombe samahani! Kazeni! Msikubali masaa kumi na moja!" Machozi yakamtoka. "Ila haki yangu inakufa kesho."

Akawaeleza, wakasimama mmoja mmoja kutoka vitini. Gaspare akasema kugoma boti si kugoma magurudumu. Alikuwa na kibajaji cha mizigo, kile kidogo cha tairi tatu cha kubebea kuni. Wazee wakapakiwa nyuma juu ya sanduku lao, na barabara ya ukingoni mwa ziwa, inayopindapinda kama utumbo wa mbuzi, ikawarusha kutoka Como hadi Lunaggio. Kila kona Ersilia alimwangukia Tullio, na kila kona Tullio alisema, "Hii ndiyo fungate," naye akasema, "Nyamaza, shika shuka," na wote wakicheka kama wamelewa, watalii wakiwapungia mikono.

Saa kumi na moja kasorobo walikuwa mbele ya lango, shuka zimetolewa sandukuni na kutiwa kikapuni. Meneja alikwisha sikia, Lunaggio habari hupanda kabla ya mtu. Alitoka na suti yake ya kijivu, akajipanga upande wa pili wa vyuma.

"Bibi Ersilia. Tuliheshimiana miaka mingi."

"Mimi nilikuheshimu. Wewe ulinipa chupa ya divai nilipostaafu, na ilikuwa imefunguliwa." Akainua kikapu. "Nguo chafu za nyumba yangu. Karibu unuse."

Meneja akachungulia. Alirudi hatua mbili. Hapakuwa na mchezo wa kuigiza hapo.

"Hata hivyo kufuli si lile la zamani," akasema, na alionekana kama mtu aliyeshusha pumzi. "Ufunguo uko kwa wanasheria mjini. Jumatatu, labda."

Jumatatu. Ersilia akageuka kumtazama mumewe, na safari nzima ikamtoka usoni. Akalitamka polepole. "Lango lako, Tullio."

Tullio akavua kofia. Akamkabidhi Gaspare. Akaenda, si kwenye kufuli, bali upande wa pili, kwenye bawaba, akapiga magoti kama anayekagua waridi.

"Wakati ule waliniambia nilifunge," akasema bila kumtazama. "Hawakuniambia nilifunge vipi. Pini zote mbili nimezielekeza juu. Lango likiinuliwa, linatoka. Kufuli na mnyororo wake vinabaki vinaning'inia tu."

Palmira alikuwa dirishani.

"Miaka ishirini," Ersilia akasema. "Miaka ishirini unajua!"

"Ni zito. Linataka watu wawili." Akajifuta kutu vidoleni. "Siku arobaini hukunisemesha, Ersilia. Ningemwomba nani? Halafu uliponisemesha nikaogopa ukijua ningeweza tangu mwanzo, hutanisemesha tena kabisa."

Ersilia alimtazama yule mzee aliyepiga magoti, suruali ina mafuta ya Garda nyuma. Hakumsamehe pale pale, tusidanganyane. Huyu mtu alimnyima miaka ishirini ya jiwe lake kwa woga. Lakini aliweka kikapu chini, akakunja mikono ya blauzi.

"Mjinga we," akasema. "Nishike wapi?"

"Hapo chini. Kwa magoti, si kwa mgongo. Moja, mbili..."

Lango lilipiga yowe la kutu na likatoka. Likabaki limening'inia kwenye mnyororo wake kama mlevi anayeshikwa mkono. Ersilia akashika mpini mmoja wa kikapu, Tullio akashika wa pili, wakaanza kushuka.

"Hii ni jinai!" meneja akapiga kelele. Akatoa simu. "Ninawapiga picha! Nina tarehe hapa, nina saa, nina sura zenu zote mbili!"

Ersilia akasimama ngazi ya tatu. Akageuka, akanyoosha doa la Verona lionekane vizuri.

"Tarehe inasoma ngapi, mwanangu?"

"Kumi na moja Mei!"

"Piga nyingine. Nimefumba jicho."

Meneja akapiga nyingine kabla ya kuelewa. Mikono ikamshuka. Juu dirishani Palmira ndiye aliyeelewa kwanza. Kicheko chake kilitoka kama kuku aliyeona mwewe ameanguka, kikashuka kichochoro chote, nyumba kwa nyumba.

Maji yalikuwa baridi ya kukata vidole. Jiwe lilikuwa pale pale, limechimbika kwa magoti ya wanawake waliokufa zamani. Ersilia akapiga magoti katika shimo la bibi yake, akapiga shuka jiweni, pa, pa, na ugali wa Bergamo ukaenda zake kwa samaki, na kahawa ya Nives ikafuata. Palmira akashuka na blanketi la mbwa. Nyuma yake mwingine, na mwingine, wamebeba chochote kichafu walichopata. Divai haikutoka. Ersilia aliisugua kidogo tu, kwa heshima, kisha akaiacha.

"Shika mwisho huo, tukamue," akamwambia mumewe. "Na usiku wa leo unaniambia kila kitu kingine ulichonificha."

"Hakuna kingine."

"Tutaona. Kamua."

Picha mbili za meneja zipo, tarehe na saa juu yake, ushahidi kwamba njia ilitumika. Njia ya Lunaggio imepata miaka ishirini mingine. Sasa wewe. Lipo lango unalolipita kila siku, na unalijua. Labda ni njia ya kisimani, labda ni kiwanja walichokizungushia mabati, labda ni ufuko. Usingoje Jumatatu, usingoje mtu mwenye suti akuletee ufunguo. Nenda uangalie bawaba zimeelekezwa wapi. Likiwa zito, gonga mlango wa jirani uliyenuniana naye, mwambie ashike upande wa pili. Jua bado halijazama. Inuka.